Maoni: Kabla ya kuuza sanduku la marehemu fundi wa saa



Kuna biashara ambayo imekuwa ya kawaida masokoni kwetu tangu vita ianze kutuhamisha. Mtu anafika na kitu cha marehemu baba yake: cherehani, baiskeli, msumeno, mabati yaliyong'olewa juu ya nyumba usiku mmoja kabla ya kukimbia. Mnunuzi hakiangalii sana kile kitu. Anamwangalia muuzaji. Akiona viatu vimekwisha na mtoto analia mgongoni, bei inashuka palepale. Muuzaji anajua kabisa kwamba anapunjwa, lakini jioni watoto watataka kula.

Leo nazungumzia kitu kimoja kati ya hivyo, kidogo kuliko vyote: sanduku la fundi wa saa aliyefariki, pamoja na vipuri alivyokusanya miaka thelathini au arobaini. Mtu ataniuliza kwa nini naleta habari za saa wakati watu hawana maharage. Naleta kwa sababu familia zenye masanduku hayo zipo, zimeniuliza, na zinauza wiki hii. Ng'ombe walibaki mlimani wakachukuliwa. Shamba halibebeki. Sanduku la fundi wa saa linaingia ndani ya kitenge, na ndiyo maana baada ya kuhama mara tatu au nne, kwa familia hizo ndilo urithi wa pekee uliobaki mkononi.

Vijana watashangaa nikisema fundi wa saa alikuwa mtu wa heshima hapa kwetu. Kabla ya simu, mwalimu alihitaji saa ili apige kengele ya shule. Muuguzi wa kituo cha afya alihitaji saa yenye mshale wa sekunde ili ahesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa. Katekista alihitaji saa. Wafanyakazi wa makampuni ya madini walihitaji saa, kama wale wa SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 na kuendesha migodi ya kasiteriti ya Kivu na Maniema. Saa ikisimama, ilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekaa sokoni na meza ndogo, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. Vipuri havikuuzwa dukani Masisi. Fundi aliagiza kwa msafiri wa Goma, Bukavu au Kampala, au alinunua saa iliyokufa ili atoe mashini yake. Ndivyo sanduku lilivyojaa.

Mwaka jana nilitembelea familia moja iliyotoka upande wa Kitshanga. Walikubali nisimulie bila kutaja majina. Walikimbia mwanzoni mwa 2023 vita ilipofika kwao, wakapitia Sake, wakaishi Bulengo, na Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilipoondolewa wakarudi njia ileile hadi nyumbani kwa shangazi yao, kwa sababu nyumba yao haikuwepo tena. Baba alifia kambini. Mama mjane alinionyesha sanduku la bati lenye kufuli. Ndani kulikuwa na makopo ya vidonge, chupa ndogo za kioo zenye vizibo, bahasha za karatasi zilizoandikwa namba kwa kalamu ya wino, mikanda ya ngozi iliyokauka, na mashini za saa zilizofungwa katika vipande vya nguo.

Mnunuzi wa kwanza aliwapa bei ya vyuma chakavu, kwa kilo. Mnunuzi wa pili, kijana mwenye pikipiki, alifungua mashini moja, akasoma maneno yaliyochorwa ndani, «17 Rubis», akanyamaza. Kisha akasema atachukua sanduku zima kwa dola kumi na tano, leo hii, kabla ya mvua. Baada ya hapo habari ikaenea kwa jirani kwamba marehemu aliacha mawe ya thamani. Baba mdogo, ambaye hakuonekana wakati wa ugonjwa, akaja kutaka sanduku.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa nchi ya madini na neno rubi linatupanda kichwani haraka. Ni kweli ndani ya saa za kutia ufunguo, zile za kuzungusha kichwa kila asubuhi, mna vijiwe vyekundu. Vinawekwa mahali ambapo mihimili ya magurudumu inazunguka, ili chuma kisisuguane na chuma na kulika. Lakini vijiwe hivyo havikuchimbwa popote. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza rubi kwa moto, na tangu hapo viwanda vya saa vimetumia rubi za kutengenezwa, za bei ndogo sana. Ukivunja mashini kumi na saba ili upate vijiwe mia mbili na zaidi, umeharibu mashini kumi na saba nzuri na mkononi umebaki na unga mwekundu ambao hakuna kontuari itakayoununua.

Kwa hiyo yule wa kilo amekosea, na yule wa rubi amekosea vilevile. Maoni yangu ni haya: sanduku hilo lina thamani ya kati, thamani ya kweli, lakini inaonekana tu kama vitu vimepangwa na kutajwa majina. Likiuzwa likiwa limefungwa, thamani yote inabaki kwa mnunuzi.

Watu wa Rubaya na wa Walikale mtanielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Mchimbaji akiuza koltani au kasiteriti shimoni, hajui ndani ya mfuko mna asilimia ngapi. Mnunuzi wake anakadiria kwa macho, na anakadiria chini. Mfuko unapanda hatua kwa hatua, na kule juu kuna mtu mwenye mashine ya kupima ambaye anajua kila kitu. Faida kubwa inakwenda kwa anayejua kilichomo. Sanduku la saa ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba hapa mashine ya kupima haihitajiki. Kinachohitajika ni macho mazuri, mwanga wa mchana, karatasi nyeupe na mtoto wa sekondari anayejua kuandika namba bila kukosea.

Kwa nini vipuri vya zamani vina wateja? Mwezi Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwazi, ile inayotumia betri. Kwa miaka kumi na mitano iliyofuata saa za betri zikashuka bei, na viwanda vya Uswisi vikaanguka kimoja baada ya kingine. Mwaka 1970 kazi ya saa nchini Uswisi ilikuwa na watu karibu 90,000, na katikati ya miaka ya 1980 walibaki elfu thelathini na kidogo tu. Viwanda vilipofungwa, vipuri vya mashini zao vikaacha kutengenezwa. Lakini saa zenyewe hazikufa. Ziko mikononi mwa watu Nairobi, Kampala, Bruxelles, na mtu anayetaka kufufua saa ya babu yake hawezi kwenda kiwandani kuomba mhimili wa gurudumu la mashini iliyotengenezwa mwaka 1958. Tena baadhi ya makampuni makubwa yanayotengeneza saa hadi leo yamekataa kuuzia mafundi wa mitaani vipuri. Kwa hiyo fundi anatafuta katika masanduku ya mafundi waliofariki. Sanduku kama la mama huyu.

Na hata hapa kwetu kazi haijafa kabisa, ingawa wengi wanasoma saa kwenye simu. Simu inataka umeme, na pasipo umeme inataka franga za kuchajisha kwa mwenye paneli. Saa ya kutia ufunguo ikijazwa asubuhi inatembea mpaka kesho yake bila kumlipa mtu. Seiko 5, ambayo imekuwepo tangu 1963, inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Mtu wa Pinga au Nyabiondo anayetaka kujua kama habari za saa moja zimefika, kabla ya kuwasha redio na kula betri bure, bado ana faida na saa ya namna hiyo. (Na aiweke kwa saa za Goma, tafadhali. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa nzima, na kila wiki kuna msikilizaji anayelalamika kwamba tumechelewa.)

Sasa turudi kwa baba mdogo.

Katika familia nyingi nilizozisikia, sanduku halikupotea sokoni. Lilipotea siku ya kuondoa matanga. Ndugu wa marehemu walisema vitu vya kazi ya mwanamume havikai kwa mwanamke, wakavichukua. Ninaheshimu desturi, na mimi mwenyewe nimekaa chini mbele ya wazee mara nyingi. Lakini nchi ina Kanuni ya Familia, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, na inasema wazi. Warithi wa kwanza ni watoto wa marehemu. Watoto wanapata robo tatu za urithi, na wanagawana sawa, msichana na mvulana bila tofauti. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo yumo mjane, wamo wazazi wa marehemu, na wamo kaka na dada zake. Kama wote watatu wapo, kila upande unapata sehemu moja kati ya kumi na mbili. Kwa maneno mengine, baba mdogo pamoja na kaka na dada zake wote kwa jumla wana sehemu moja ya kumi na mbili. Hawana sanduku. Na kama hakuna wosia, anayesimamia ugawaji ni yule mwenye umri mkubwa kati ya warithi. Akikataa, warithi wanachagua mwingine.

Najua mahakama iko mbali na barabara si salama. Najua pia kwamba mama mjane anayeishi kwa shangazi wa mume wake hawezi kuamka asubuhi akapiga kelele za sheria. Lakini anaweza kufanya jambo moja dogo: kuandika. Karatasi moja yenye orodha ya vilivyomo, sahihi za watoto wakubwa, ya mjane, ya mzee mmoja wa familia na ya chifu wa kijiji au kiongozi wa wahami mahali walipo. Karatasi hiyo imetuliza ugomvi ambao nilidhani utaishia kwa mapanga. Baba mdogo akiona imeandikwa «koleo ndogo 6, turnevisi 9, vioo 140», anaelewa kwamba kuna watu wanaohesabu.

Lakini kabla ya kuhesabu urithi, lazima kuondoa kile ambacho si urithi, na hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu ni jambo ambalo wengi hawalifikirii.

Katika sanduku la fundi yeyote mna saa za watu. Ziliachwa zitengenezwe, vita ikaja, mwenye saa akakimbilia upande wake na fundi upande wake. Utazitambua. Ni saa nzima, si mashini tupu, na mara nyingi zimefungwa kikaratasi chenye jina, namba au alama. Pengine kuna daftari: jina, kijiji, ubovu, kiasi kilicholipwa mbele. Katika sanduku la familia ya Kitshanga kulikuwa na saa kumi na moja za namna hiyo. Vikaratasi vingine vilikuwa vimefutika, vingine vilisomeka vizuri kabisa: jina moja, na chini yake «mwalimu».

Saa hizo hazikuwa mali ya marehemu. Aliwekewa tu. Kwa hiyo warithi wake hawana haki ya kuziuza, hata kama njaa inauma. Nimesema hivyo mbele ya familia na kijana mmoja akanijibu vizuri. Akasema: «Kaka, sisi ng'ombe wetu kumi na wanne wameliwa na hakuna aliyetuuliza, leo unataka nitafute mwenye saa iliyosimama?» Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nilimwambia tu kwamba huenda mwalimu yule naye yuko mahali fulani chini ya turubai, hana kitu, na saa ile labda ndiyo mali yake pekee ambayo haikuchomwa. Hapo mama yake akazitoa zile kumi na moja akazifunga peke yake katika kitambaa.

Njia ya kuwatafuta wenyewe ipo, na ni redio. Tumetangaza watoto waliopotea, vitambulisho, kadi za uchaguzi, hata mbuzi. Tunaweza kutangaza saa. Lakini itangazwe kwa akili. Usiseme hewani kwamba una Seiko yenye uso wa bluu na mkanda wa chuma, kwa sababu kesho utapata wenyewe ishirini. Sema tu kwamba saa zilizoachwa kwa fundi fulani, wa soko fulani, mpaka mwaka fulani, zimehifadhiwa. Anayekuja ndiye aeleze: ya aina gani, uso wa rangi gani, nyuma kumeandikwa nini, ilikuwa na ubovu gani, alilipa kiasi gani. Asiyejua aondoke kwa amani. Na kama fundi alikuwa ameshaitengeneza kabla ya kufa, si dhambi familia kudai malipo yaliyobaki.

Wasiopatikana je? Maoni yangu, na wengine wanaweza kuona tofauti, ni kwamba saa hizo zikae na orodha yake mpaka barabara zifunguke na watu watulie mahali. Saa kumi na moja hazijazi nyumba.

Jambo lingine ambalo haliwezi kungoja ni afya. Saa za zamani, zile za kabla ya miaka ya 1960 kuisha, nyingi zilipakwa rangi inayong'aa gizani kwenye namba na mishale. Rangi hiyo ilichanganywa na radiumu. Na hapa kuna historia yetu ambayo shuleni hatukuisoma. Katika miaka ya 1920 na 1930 sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyochimbwa na Union Minière na kusafishwa Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922. Wazee wetu walichimba, na sehemu ya jasho lao ilirudi Afrika imepakwa kwenye mishale ya saa. Marekani, wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo viwandani walikuwa wakinyoosha brashi kwa midomo, na wengi waliugua mifupa na taya, wakafa.

Rangi hiyo ikizeeka inaacha kung'aa na kuwa ya kahawia kama kutu. Watu wanadhani imekufa. Haikufa: nguvu ya radiumu inapungua kwa nusu tu baada ya miaka 1,600. Saa iliyofungwa na kioo chake si hatari kubwa kwa anayeivaa. Hatari ni vumbi. Kwa hiyo mishale ya zamani na nyuso za saa zilizopakwa rangi ya namna hiyo usiziguse kwa kucha, usizikwangue kwa kisu, usizipulize, usiwape watoto kuchezea. Zitie katika chupa yenye kifuniko, andika juu yake «usifungue», nawa mikono kwa sabuni, na usilaze sanduku chini ya mto. Nimeona familia ikifanya hivyo, eti wezi wasilipate.

Tuje kwenye kuuza. Gawanya sanduku katika mafungu mawili kabla ya kitu kingine chochote: vyombo vya kazi upande mmoja, vipuri upande wa pili. Koleo, turnevisi, kioo cha jichoni, ufunguo wa kufungulia migongo ya saa, taa ya spiriti, mashine ndogo ya kubana vioo. Vyombo hivyo ningewashauri msiviuze kabisa kama katika familia kuna kijana hata mmoja, wa kike au wa kiume, mwenye mkono mtulivu. Mwenye koleo na turnevisi anaweza kubadilisha betri, kukata mkanda, kuweka kioo, kufungua simu. Anakaa kambini au sokoni, na jioni analeta franga za unga. Ukiuza vyombo unakula wiki mbili. Sijui hesabu nyingine.

Vipuri, uzeni. Wapo wanaosema kuuza kazi ya baba ni kumzika mara ya pili. Mimi sikubali. Fundi alivikusanya ili viingie katika saa zitembee, na vikikaa katika bati vikipata unyevu wa milima yetu vitakula kutu, hasa kamani, ile springi kubwa inayosukuma mashini, na vile vihimili vyembamba kama unywele.

Kosa kubwa linalofanywa siku ya kwanza ni kufanya usafi. Mtu anamwaga makopo yote katika sinia, anaosha kwa sabuni, anatupa bahasha chakavu. Bahasha ndizo zenye thamani! Kipuri kilichotoka katika bahasha yake ni kama mtoto aliyepotea bila jina la kijiji. Mhimili wa mashini moja hauingii katika mashini nyingine, hata kama kwa macho vinafanana. Namba iliyoandikwa juu ndiyo inayomwambia mnunuzi kwamba hiki kitaingia katika saa yake. Msimwage, msioshe, msichanganye.

Kwenye mashini nzima, namba imechorwa kwenye bamba kuu, mara nyingi chini ya lile gurudumu linalochezacheza, ambalo mafundi wetu huliita balansie, au pembeni yake. Utaona herufi ndogo kama AS, FHF, ETA au Unitas, kisha tarakimu. Seiko wameandika nyuma ya saa, na tarakimu nne za kwanza ndizo za mashini. Andika zote. Kwenye makasha, tafuta maneno kuhusu dhahabu. Ikiwa imeandikwa «plaqué or» au «20 microns», ni chuma kilichopakwa dhahabu nyembamba tu, msigombane. Ikiwa kuna 18K au 0,750 na chapa ndogo ya serikali pembeni, hiyo ni dhahabu ya kweli. Ipimwe na watu wawili tofauti, na isiuzwe kwa mtu wa kuyeyusha kabla fundi hajaiona, maana saa nzima inaweza kuwa na bei kuliko uzito wake.

Halafu piga picha kwa simu, mchana, juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa pembeni. Fungu moja, picha moja. Tumeni kwa mafundi watatu au wanne, Goma, Bukavu, hata Kampala, si kwa mmoja. Mkiulizwa «mnataka ngapi?» msijibu kwanza. Nendeni kwa fundi yeyote anayefanya kazi, mumuulize anatoza kiasi gani kubadilisha kioo kimoja. Mkipata jibu, angalieni vile vioo 140 katika makopo yenu, kisha mkumbuke zile dola kumi na tano za sanduku zima. Hakuna atakayewalipa bei ya kioo kimojakimoja, kwa sababu mnunuzi naye atakaa navyo miaka. Lakini sasa mnajua mnaanzia wapi.

Kuna tahadhari mbili za wakati huu. Januari 2025 benki za Goma zilifungwa na noti zikawa adimu, kwa hiyo malipo mengi yakahamia kwenye simu, na anayewatolea pesa anakata fungu lake. Hesabuni makato hayo kabla ya kukubali bei. Na mtu akiwaomba ninyi mtume pesa kwanza, ya «usafiri» au ya «forodha», zimeni simu. Tahadhari ya pili ni barabara. Kopo la bati lililojaa nyaya nyembamba, springi na vimashini, kwenye kizuizi cha usiku, linaweza kumletea msafiri matatizo makubwa. Wekeni vipuri katika chupa za plastiki zinazoonekana ndani, pamoja na saa moja nzima na nakala ya ile orodha yenye sahihi, ili anayekagua aone ni kazi gani.

Familia ile ya Kitshanga haijamaliza. Wameuza vioo na mikanda kwa fundi mmoja wa Goma, kwa zaidi ya bei waliyoahidiwa ya sanduku lote. Mashini bado zinaandikwa. Anayeandika ni binti wa miaka kumi na sita, ambaye shule yake imefungwa. Vyombo vya kazi viko kwake. Baba mdogo amekuja mara moja tena, akasoma orodha, akaomba mkanda wa saa yake, akapewa.

Zile saa kumi na moja zipo. Kama uliacha saa kwa fundi katika soko la Kitshanga kabla ya mwisho wa Januari 2023, fika redioni au mtume mtu unayemwamini. Uje na maelezo: aina ya saa, rangi ya uso wake, na ulimwambia fundi inaugua nini.